Jiko la Nyuma ya Wadi

Navalayo alituandalia chai ya maziwa na mandazi, nasi wauguzi tukaketi tukijiona watu wa maana. Ndiyo kwanza alikuwa amefanywa msimamizi wa kituo chetu. Tulisoma naye chuo kimoja, tukila sahani moja. Aliposema, "Sitaamua lolote kabla ya kuwauliza ninyi," machozi yalinilengalenga. Mkubwa gani huku Khwisero aliwahi kutuuliza?

Jambo lenyewe lilikuwa jiko. Nyuma ya wadi ya wazazi tulikandika kijumba cha udongo kwa mikono yetu, mama wakwe wawapikie waliojifungua uji wa wimbi na ingokho, kuku wa kienyeji. Mama mkwe akikosa pa kupikia, anamzuia mke wa mwanawe ajifungulie nyumbani. Sasa kulikuwa na wazo la kujenga stoo pale.

Nilisimama nikasema yote. Nilisema hata kwamba huwa nachelewa kwenda nyumbani kwa kupenda, kwa sababu wadi ile naiona yangu.

"Maxi, umenifungua macho," Navalayo akasema. Tukainua mikono kwamba jiko libaki. Naye aliinua wake.

Mikono ikiwa bado juu, tukasikia mabati yakianguka.

Nilitoka mbio. Ukuta mmoja ulikuwa umeshabomolewa. Mama Milcah, ambaye mke wa mwanawe, Selpher, alikuwa amejifungua asubuhi hiyo, alisimama na sufuria tupu, uji wote umemwagika vumbini.

"Nani amewatuma?" niliwauliza mafundi.

"Ni Sista Navalayo. Alisema tuanze mkiwa kwa mkutano."

"Sisi hatupeanangi mzazi chakula baridi," Mama Milcah akaniambia. Nilimsihi asubiri mpaka kesho. Hakunisikiliza, akamshika Selpher mkono wakaenda zao. Jioni walimrudisha ameloa damu, hajitambui. Tulihangaika naye, akaponea chupuchupu.

Iliniuma, na bado inaniuma. Angekuwa mkubwa mgeni, ningemtukana kimoyomoyo yakaisha. Lakini Navalayo! Alinisikiliza huku akijua nyundo ziko njiani, akaniacha nimwage moyo wangu mbele ya watu kama mjinga.

Habari za Selpher zilienea sokoni, wazazi wakaacha kuja. Nasi tulibadilika. Siku hizi zamu ikiisha tunavua glavu, kila mtu kwao. Simwambii mtu tena kwamba wadi ni yangu.

Juzi Navalayo alituita tena. Chai ilikuwepo, na mandazi pia, lakini hakuna aliyeyagusa.

"Vitanda ni vitupu, na ninyi mmepoa," alisema. "Nataka kuhamisha chumba cha kujifungulia. Semeni, nawasikiliza."

Wenzangu wote wakanitazama mimi.

"Msimamizi," nikamwambia, maana jina lake halinitoki tena kinywani, "mafundi wameshaanza?"

Aliangalia dirishani kwanza, ndipo akanijibu, "Bado."