Gari Lililojua Funguo Mbili

Sogea hapa nikutegee. Nina mtumishi mdogo anayelala mfukoni. Asipokuwepo, bwana wake mwenye miguu minne hatoki hata uani. Ni nani? Fikiri kidogo. Na usinipe mji, mimi miji niliyopewa na wajukuu imeshanijaa nyumba nzima. Umeshindwa? Ni ufunguo wa gari.

Basi huyo mtumishi ndiye aliyempotea Mama Mapazia. Mwanamke huyu alikuwa mshonaji wa mapazia, kama jina lake linavyosema, na alikuwa amenunua kigari cha mizigo, kile chenye boksi nyuma, kilichokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yake. Kilikuja na ufunguo mmoja tu, akawa anautundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Jumatano jioni aliporudi kutoka soko la vitambaa, msumari ulikuwa mtupu. Akapekua pochi, akapekua kapu la nyuzi, akainua hata cherehani. Hola.

"Baba, hukuuona ufunguo wangu?" alimwuliza baba yake aliyekuwa ameketi barazani.

"Ufunguo ni kitu kidogo," mzee akasema, akaigeukia redio yake.

Sasa hilo nalo ni jibu? Alhamisi akamwuliza tena, akaambiwa atafute vizuri. Ijumaa hakuuliza. Alimpeleka shule bintiye Kadogo, mwenye miaka minane, kisha akampigia simu fundi funguo. Maana ndani ya gari mlikuwa na mapazia arobaini na manane ya zahanati mpya, yamepigwa pasi na kukunjwa, na msimamizi alishasema: ikifika adhuhuri Ijumaa hayajafika, kazi anapewa mwingine. Miezi miwili ya kukodolea macho sindano ingekwenda na maji.

Fundi akaja na begi mgongoni. Akapenyeza kifuko cha hewa kwenye upenyo wa mlango, akakipuliza, akaingiza waya, na mlango ukafunguka kabla Mama Mapazia hajamaliza kumkaribisha.

"Mbona rahisi hivyo?"

"Usiwaambie wezi, mama. Kufungua mlango ni uchumba. Kuliwasha ndiyo ndoa."

Akamweleza kuwa ndani ya ufunguo mna kidude kidogo ambacho gari hukitambua. Lisipokitambua, utazungusha mpaka mkono uote sugu. Akachonga ufunguo mpya, kisha akachomeka waya wa mashine yake chini ya usukani. Kioo kikawaka. Fundi akakisoma, akakuna kidevu.

"Ule ufunguo mwingine anao nani?"

"Mwingine upi? Nilipewa mmoja, na ndio uliopotea."

"Gari linasema linajua funguo mbili."

"Basi linaota."

"Magari hayaoti, mama."

Fundi akatoa daftari lake nene. Tangu siku aliyosumbuliwa na polisi kwa gari la watu, hakushika kazi bila kuandika namba ya chesisi na sura ya aliyemletea. Akaandika tarakimu nne, kalamu ikasimama. Akafunua kurasa nyuma, moja, mbili, akafika ya tano.

"Namba hii ninayo," akasema polepole. "Ufunguo wa pili nimeutengeneza mimi. Mwezi uliopita, Jumatano. Mzee mrefu, miwani ya vioo vizito. Alikuwa na kadi ya gari, akasema ni la binti yake anayeshona, anataka kumwekea akiba."

"Alikuja kwa miguu, sivyo? Na ufunguo mkononi," Mama Mapazia akasema.

"Haiwezekani. Ufunguo wa namna hii hautambulishwi gari likiwa mbali. Alikuja nalo."

"Nani alikuwa anamwendesha?"

"Alikuwa peke yake. Tena alilirudisha kinyumenyume kwenye uchochoro wangu, nikamsifu."

Mama Mapazia akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na gauni lake la kazi. Baba yake alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na moja, lakini mwaka wa pili huu daktari wa macho alimkataza kushika usukani. Huyu mzee akimimina chai, nusu inanywewa na meza. Juzi tu alilisalimia pazia lililoning'inia mlangoni, akangoja liitikie. Na kila Jumatano yeye bintiye hushinda sokoni kutwa, gari likibaki uani. Akahesabu Jumatano kwa vidole. Tano. Na yeye alikuwa akimlaani aliyemuuzia gari kwamba linakunywa mafuta kama ngamia.

"Mama, mashine inaniuliza," fundi akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani. "Nizifute zile za zamani au nizibakishe? Nikizifuta, hata zikionekana hazitaliwasha tena. Saa tano hii."

Alipogeuka, baba yake alikuwa ameshainuka kwenye kiti chake cha barazani. Macho yalikuwa yamechoka, lakini masikio hayakukosa neno.

"Baba, funguo ziko wapi?"

Mzee alikuja akipapasa ukuta, ukuta ukaisha, akavuka ua mikono mbele mpaka akaligusa gari. Akaweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Fundi, futa zote mbili."

"Nimekuuliza ziko wapi."

"Chooni, kwenye shimo. Wako na wangu. Nilizitumbukiza Jumatano, kabla hujarudi."

"Wako sawa. Wangu ulikukosea nini?"

"Wako ningeuiba tena. Najijua."

Mama Mapazia alitaka kucheka, sauti ikatoka vibaya. Akamwangalia fundi, akatikisa kichwa kukubali. Fundi akabonyeza, mashine ikalia mara mbili, akamkabidhi ufunguo mpya unaometameta. Mama Mapazia akapanda, akazungusha. Gari likaunguruma mara ya kwanza tu, mapazia yake nyuma, zahanati mwendo wa nusu saa, muda ungalipo.

Hakuondoka.

"Nenda," mzee akasema. "Utachelewa."

"Jumatano nne zote ulirudi ukaniangalia usoni, ukala, ukalala. Hii ya tano ukatupa funguo. Kulitokea nini?"

"Nenda kafanye kazi yako, mwanangu."

Akazima gari. Fundi, aliyekuwa akikunja waya, naye akaacha kukunja.

"Baba. Jumatano kulitokea nini?"

Mzee akavua miwani.

"Nilikuwa narudi. Nimefika pale kona ya shule, watoto wanatoka, nawasikia wako pembeni, nikajiambia barabara ni nyeupe. Nikaona gunia jeusi katikati ya njia. Nikasema nitalipitia juu kwa juu, magurudumu huku na huku, kama nilivyopita magunia maisha yangu yote. Sikupunguza mwendo. Gunia likaniita babu, kwa sauti ya Kadogo."