Mwambie Babu

Uso wa baba mkwe wangu sikuwahi kuuona. Jina lake pia silitaji, hata hapa kwenye daftari. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana humkwepa baba wa mumewe. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia migombani, hujifunika kanga na kungoja apite. Mimi ni Mhehe wa Ipogolo. Kwetu Iringa tuna heshima zetu, lakini hii nilijifunzia ndoani.

Mwaka 1956 tulikuwa tunakaa Ilomba, mume wangu Asukile akifanya useremala. Mika wetu alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kila nilipompa maziwa ya ng'ombe alitapika, mashavu yakajaa vipele. Nikayaacha. Mwezi uliofuata nikagundua mayai nayo yanamletea vipele vilevile. Nikayaacha pia. Tabu ni kwamba mtoto anakula sahani moja na sisi, na wa umri ule humwambii hiki cha baba, hiki si chako. Basi asichokula yeye kikabidi kitoke sahanini kabisa.

Nyama ilitoka Krismasi. Tulikuwa na mbuzi mmoja, Mika akimwita Bee, wakiota jua pamoja nyuma ya nyumba. Asukile alipomchinja, mtoto alichungulia sufuriani akauliza, "Bee?" Asukile akafunika sufuria. Tangu siku hiyo kila nyama, hata ya ng'ombe wa sokoni, ikawa Bee, naye akaisukuma mbali kwa kiganja, ya kwangu na ya baba yake. Nilijaribu kula kwa kujificha jikoni. Haikupita kooni. Dagaa walikuwa wa mwisho. Nilidhani wakiwa wadogo vile hatawajua. Akayaona macho yao.

Ndipo nikakumbuka jiko la mama yangu. Mama Verediana alikuwa akitwanga karanga asubuhi, kinu kikisikika mpaka kule chini barabarani, huku mimi nikivua nyuzi za majani ya maboga na kuambiwa kila mara kwamba nimebakiza. Kunde, maharage, uyoga wa masika, ugali wa ulezi. Nyama tuliiona Pasaka na Krismasi tu, na sikumbuki kulala na njaa. Nilikuwa nimeanza darasa la watu wazima pale kanisani, jioni mbili kwa wiki, na barua ya kwanza niliyoandika maishani mwangu ilikuwa ya kumwuliza mama namna ya kupika kunde zake. Katekista wa Ipogolo ndiye aliyemwandikia mama jibu: "Moto uwe mdogo. Koroga upande mmoja. Usiondoke kwenda kupiga soga."

Asukile alitania kila jioni. "Mama Mika, leo nyasi gani?"

"Kaa chini, Bee mkubwa, ule."

Alikula. Jumamosi alipitia kwa rafiki yake Jailos, wakala nyama, akarudi amenawa kwa majivu ili mtoto asimnuse. Nilijifanya sijui.

Habari zikafika Rungwe, kwao Asukile. Baba mkwe alikuwa mtu wa ng'ombe, na kwake mjukuu asiyekunywa maziwa alikuwa kama mtoto aliyetupwa. Akatuma neno: mvua zikikatika atakuja kumchukua Mika, akakae naye, akue.

Nilimwomba Asukile aseme hapana. Akainamia randa yake. "Yule ni baba yangu, Mama Mika. Nitamwambia nini?"

Baba mkwe akaja na basi la asubuhi. Mimi nilikuwa jikoni, kanga kichwani mpaka machoni. Kupitia upenyo wa ukuta wa matete niliona miguu tu, katambuga za tairi, fimbo, na kibuyu cha maziwa ya mgando kikitua chini.

"Asukile," ile sauti nzito ikasema, "mjukuu wangu unamlisha majani?"

"Baba, mtoto ni mzima."

"Nimekuja kumchukua."

Asukile akaokota randa yake. Mimi kusema na baba mkwe siwezi, ni mwiko. Mika alikuwa miguuni pangu, mikono imejaa unga. Nikamshika mabega, nikasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya matete:

"Mika, mwambie babu, maziwa yanakutapisha. Mama amejaribu mara nne."

Mika akatoka mbio, akasimama mbele ya zile katambuga. "Babu. Mazia. Oo!" Akaigiza kutapika.

Mzee akajibu, "Mika, mwambie mama yako, hata baba yako alitapika. Alizoea."

"Mika, mwambie babu, baba hakutoka vipele mpaka machoni."

"Mwambie mama yako ana mdomo mrefu."

"Mwambie babu, ni kweli. Lakini kabla hajakuchukua, akubebe kwanza."

Nilisikia fimbo ikilazwa chini. Miguu ya Mika ikapaa, ikapotea kwenye upenyo wangu. Mzee akaguna.

"Eh! Huyu mmemlisha mawe?"

Nikapakua kunde kwa karanga kwenye bakuli la Mika, na tonge la ugali. Alipoteremshwa akaja kulichukua, akalibeba kwa mikono miwili, akimwaga njia nzima. Sikumtuma. Kwake chakula huliwa kwenye sahani moja na mtu mwingine, basi. Akakaa chini kati ya zile katambuga mbili, na mkono mkubwa wenye makunyanzi ukashuka bakulini.

Walikula. Mimi kule nyuma ya matete nilikuwa nimeuma kanga.

"Mika," mzee akasema mwishowe, "mwambie mama yako, zimebaki?"

Zilibaki. Akazimaliza. Kisha akakiinua kile kibuyu, akanywa maziwa yake mwenyewe mpaka chini, akakisukuma kwa fimbo hadi mlangoni kwangu.

"Mwambie anijazie karanga. Na amweleze Asukile namna ya kuzipika, naye anieleze mimi. Mimi naondoka na basi la mchana. Peke yangu."

Nilikijaza mpaka shingoni.

Alirudi kila baada ya mavuno, kibuyu kitupu mkononi. Mwaka jana tulimzika, nami nilisimama mbali migombani, kama inavyotakiwa. Mika sasa ana miaka minne na nusu. Juzi, nikivua nyuzi za majani ya maboga, aliniuliza babu alikuwa na sura gani.

"Wewe ndiye uliyemwona," nikamwambia.

Akafikiri. "Nakumbuka mkono tu."

Nikamwambia mimi nakumbuka miguu.