Herufi Zenye Masizi

Wiki tatu nzima soko la Migwani halikuwa na habari nyingine ila herufi za Nasima.

Skrini alikuwa ameitundika mwenyewe barazani pa duka lake la simu, pale njia panda, ili kila anayeteremka drifti, kivuko cha kukatiza mchanga wa mto, auone mto kabla hajauingia. Kule chini, mwisho wa mteremko mrefu, ukikata kona tu umeshakanyaga mchanga. Kamera ya kwenye nguzo ilileta picha ya drifti. Kipimo cha maji kilikuwa mbali huko juu, shambani kwa Musyimi, mahali ambapo mafuriko yakipita huchukua nusu saa kufika kivukoni. Programu ya Nasima ilipokea habari za kipimo na kuzilaza juu ya picha kwa herufi nyeupe: MTO NI MKAVU, VUKA. Maneno mengine, ya kuonya kwamba maji yanakuja, hayakuwa yamehitajika hata siku moja.

Picha ilikuwa lazima. Watu wa huku hawavuki kwa maneno. Wanataka kuuona mchanga kwa macho yao.

Shida ilikuwa kingo. Kila herufi ilizungukwa na weusi mwembamba, kama sufuria iliyopikiwa kwa kuni.

"Msomi, uliziandika na mkaa?" Kisilu, fundi cherehani wa duka la pili, aliuliza hivyo kila asubuhi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Hizo zimevaa matanga," alisema Kaluki muuza ndengu, ambaye benchi la Nasima alilifanya lake. "Mto ukiandikwa hivyo unatafuta mtu. Mimi nimesema tu."

Watu walicheka. Lakini Nasima aliwaona wenye bodaboda wawili watatu wakitema mate kando kabla ya kuteremka, na kicheko hakikumwingia.

Siku hiyo ilikuwa ya soko. Duka lilijaa wenye kuchaji simu, wenye kukimbia jua, na wenye kuja kusikia Kaluki kasema nini. Jua lilikuwa kali la kupasua kichwa. Upande wa juu wa mto, mbali, wingu lilikuwa limekaa juu ya vilima tangu alfajiri, jeusi, halisogei. Hakuna aliyelijali. Mvua ya kule ni ya watu wa kule.

Nasima alikuwa ndani kabisa, nyuma ya pazia, kwenye giza, laptopu juu ya mapaja. Na ndipo alipolikamata kosa. Ukingo wa herufi huwa nusu wazi, ili uingiliane vizuri na picha iliyo chini yake. Sasa, rangi ya kingo zile ilikuwa imepunguzwa tayari siku herufi zilipotengenezwa, kadiri ya uwazi wake; halafu programu ilipozilaza juu ya picha ikaipunguza tena. Ni kama chai iliyotiwa maji jikoni, ikafika mezani ikatiwa maji mara ya pili. Weupe uliopunguzwa mara mbili ndio ule uliokuwa masizi.

Alibadilisha neno moja kwenye laini moja ya programu. Herufi zikang'aa juu ya ukurasa mweusi wa majaribio, safi, kama kanzu ya Idi. Akaipeleka programu mpya kwenye skrini ya nje.

"Imekubali!" alipiga kelele. Duka zima likapiga makofi bila kujua linapigia nini.

Dakika chache baadaye maneno kwenye laptopu yakabadilika yenyewe: MAJI YANAKUJA, USIVUKE. Hii ndiyo kazi aliyoijengea. Kipimo kimeona, skrini imesema. Akakaa akizitazama herufi zake nyeupe kwenye ule weusi, na kwa kweli alizionea fahari. Aliendelea hivyo mpaka Musyimi alipopiga.

"Nasima, umepata? Maji yamepita kwangu zamani, na si maji ya mchezo. Yamebeba miti."

"Nimepata, mzee. Skrini inawaambia watu."

"Haya. Mungu asaidie."

Alitoka akijifuta jasho. Kaluki alikuwa akipepeta ndengu.

"Ndugu yako amepita na piki sasa hivi, amembeba mama yenu," Kaluki alisema. "Mama ametoka kliniki, anasema presha imeshuka. Idris ameangalia skrini, akanionyesha dole gumba, huyoo. Hata Muthama wa mayai, yule wa Tawa, ametangulia."

"Ameangalia skrini akateremka?"

"Sasa angefanya nini? Si mchanga ni mkavu?"

Nasima alirudi nyuma mpaka katikati ya barabara, akainua macho.

Hakukuwa na neno. Skrini nzima ilikuwa mchanga wa mto chini ya jua la saa saba, mweupe wa kuumiza macho. Juu ya mchanga ule herufi zake nyeupe zilipotea kama maziwa yaliyomwagika juu ya chokaa. Wiki zote hizo kilichosomeka hakikuwa weupe. Kilichosomeka ni masizi, na leo ameyaosha.

Simu ya Idris iliita mpaka ikakatika. Ipo mfukoni, piki inanguruma.

"Kisilu! Wafuate! Maji yanakuja!"

Kwa mara ya kwanza fundi hakuwa na mzaha. Alirukia bodaboda ya kwanza iliyokuwa karibu, tepu bado shingoni, wakateremka kwa vumbi. Nasima akapita katikati ya watu, akarudisha lile neno moja kwenye ile laini moja. Aliandika mara tatu kabla hajapatia.

Nje, herufi ziliibuka zimevaa masizi yao. Piki mbili zilizokuwa zikianza kuteremka zikafunga breki.

Chini ya maneno, kwenye mchanga, Nasima aliona alama ya tairi moja imepita, bila shaka ya Muthama. Kisha akaona jambo jingine. Kwenye visima vya mchangani, ambapo hapakosi akina mama na punda kuanzia asubuhi hadi jioni, hapakuwa na mtu. Mtungi mmoja wa manjano ulikuwa umelala kando, umeachwa.

Idris akaingia kwenye picha, mama nyuma yake, buibui likipepea.

"Rudi," Nasima alinong'ona. Lakini picha ile hufika imechelewa karibu nusu dakika. Lolote la kumpata Idris lilikuwa limeshampata.

Katikati ya drifti mama aliinua mkono, akampiga Idris begani. Tena. Piki ikasimama. Mama akashuka, akakunja buibui magotini, akaanza kurudi alikotoka bila kugeuka. Idris alihangaika kuigeuza piki, gurudumu likazama. Akaiacha, akakimbia. Kwenye kona ya skrini mchanga ukageuka rangi. Picha ikatikisika, ikazimika. Yakabaki maneno peke yake juu ya weusi.

Ndengu ziliacha kupepetwa.

Simu ililia baada ya muda ambao hakuna aliyeuhesabu. Ilikuwa namba ya mama. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo kama wa lori nyingi.

"Punda hawakuwepo visimani," mama yake, Mwanahamisi, alisema. "Nikajua tu. Tuko huku juu, na Kisilu. Piki imeenda na maji. Idris amekaa chini."

"Alhamdulillahi, mama."

"Nasima. Ameniambia skrini haikuwa na neno. Ni kweli?"

Macho yote yalikuwa kwake, na Kaluki alikuwa mbele kabisa, ungo mkononi.

"Ni kweli, mama. Ni mimi."

"Yule wa mayai alikuwa mbele yetu. Ng'ambo hatumwoni."

Muthama alikuwa mteja. Namba yake ilikuwemo. Nasima aliibonyeza, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Ilianza kuita. Iliita, ikaita, ikakatika.

"Jaribu tena," Kaluki alisema, kwa sauti ndogo ambayo soko lile halikuwa limewahi kuisikia.

Nasima akabonyeza tena.