Kitenge cha Mukashema

Nimelala miji mingi, Kigali huwa napita tu. Safari hii Kamikazi alinikamata pale Remera, akanishika mkono kama mwizi. "Mzee, huondoki. Waliomwona mama yangu umebaki wewe tu."

Kweli. Mukashema alifia Karagwe, kule tulikokimbilia, Kamikazi akiwa bado ananyonya. Picha hakuacha hata moja. Leo Kamikazi mwenyewe ana wajukuu, na sura ya mama yake haijui.

Akanipeleka Kagugu kwa mchoraji, binti mmoja anaitwa Gwiza. Akauliza macho, akauliza pua, nikajibu. Akachora, nikakataa. Akachora tena.

"Huyu ni mtu wa kitambulisho," nikamwambia.

Gwiza akacheka. "Basi tuache sura, mzee. Alikuwa anapenda kufanya nini?"

"Kusukasuka maziwa."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha bibi yake. Nikakaa mkekani, nikakipakata, nikaanza kukiyumbisha.

"Ehee! Mwanamume anasukasuka maziwa!" Kamikazi akanicheka. "Ukoo mzima utahama."

Mimi huyo, naendelea kusimulia: kitenge chake cha bluu, mwanya wake, na jinsi alivyonyamaza ghafla mlio wa kibuyu ukibadilika, akainamisha kichwa kusikiliza kama siagi imekuja.

Nikainua macho. Kamikazi alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anasikiliza, kichwa kimelala upande, vilevile. Nikaweka kibuyu chini.

"Gwiza," nikanong'ona, "usiniangalie mimi. Mwangalie huyo."

Gwiza akamgeukia. Alichora mpaka bluu ya kitenge ikamwishia, akachovya kijani, akaendelea. Alipotugeuzia turubai, nilijikuta nimesimama, nimevua kofia. Mukashema huyu hapa, anasikiliza. Kidogo nimwamkie.

"Ni yeye?" Kamikazi akauliza.

"Ni yeye."

Akakaa chini mbele ya picha. "Nisimulie tena. Toka mwanzo."

"Alikuwa anakaa mlangoni, na kitenge chake cha kijani…"

"Mzee!" Gwiza akadakia. "Si ulisema bluu?"

Nikafumba macho kuitafuta ile bluu. Nilitoka nayo Karagwe, nimezunguka nayo kote. Nikamwona Mukashema mlangoni, kibuyu mapajani, kichwa upande, na kitenge kimeiva kijani kama mgomba baada ya mvua.

"Kijani," nikasema.

Kamikazi hakugeuka, macho yake yako kwa mama. "Kijani. Enhe, halafu?"