Masale ya Mama Bustanini

Kaka yangu Polycarp ana akili nyingi, na zote humsaidia yeye peke yake. Mwaka wa sabini na sita alikuwa akichora vibao vya maduka Kariakoo, hadi wakubwa wa utamaduni walipompa kazi ya sanaa kuhusu ardhi na mipaka, iwekwe kwenye bustani ya zamani ya Wajerumani, karibu na Posta. Akasafiri kwetu Mbinga. Akarudi na magunia ya masale, ile mimea inayopandwa mipakani.

Tulipohamishiwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, nyumba ya mama ilibomolewa, lakini shamba lake la kahawa lilibaki na masale aliyopanda babu. Kwetu sale ndilo shahidi. Halmashauri ya kijiji ilikwishatangaza kwamba itapita kuwarudishia watu mashamba yao, kila mtu aonyeshe mpaka wake.

Polycarp akamwita mama aje kuona ufunguzi. Akafikia kwangu, Mchafukoge. Bustanini tulikuta masale yamepandwa kuzunguka majani, umbo la shamba letu kabisa. Wageni walikuwa wakisifu. Mama akainama, akashika sale lenye kovu la panga la marehemu baba.

"Umeyatoa wapi haya, mwanangu?"

"Kwetu, mama. Nilitaka ya kweli."

"Na kule umeacha nini?"

"Mashimo," akasema, akitabasamu kama aliyesifiwa. Nilimchukia.

Mama alitaka kuondoka kesho yake, lakini mabasi ya Songea yalikuwa yamejaa wiki nzima. Kabla hajapata nafasi, barua ikaja. Halmashauri ilikuwa imepita. Jirani yetu Isidori alikuwa amefukia yale mashimo na kuapa kwamba hapakuwahi kuwa na mpaka, na shamba lote ameandikiwa yeye. Nilimsomea mama. Hakulia. Asubuhi akachukua jembe, akaenda bustanini, akaingia katikati ya masale na kuanza kulima.

Mlinzi akamshika mkono. Polycarp alikuwa pale akiwatembeza wageni, na mimi mjinga nikadhani aibu imempata hatimaye. Akamwambia mlinzi amwachie. Kisha akawageukia wageni, akawaeleza kwamba huyo mama ni sehemu ya kazi yake.

Wakapiga makofi. Mama hakuinua kichwa, aliendelea kulima.