Gari la Umeme Nililoachiwa

Mdogo wangu alipokwenda kufanya kazi ng'ambo, aliniachia gari lake la umeme na maneno matatu: "Kaka, nitunzie hili." Lilikuwa toleo la kwanza, na kiwanda kilishaacha kulitengeneza. Aliamini siku moja watu watalisaka kama wanavyosaka magari ya enzi za babu. Nilicheka. Miaka arobaini nimefungua injini za kila aina, na kwangu gari la umeme ni kama simu tu: sijaona mtu anayehifadhi simu iliyopitwa na wakati. Lakini amana ni amana.

Nikalitunza nijuavyo mimi. Nililiosha, nikalifunika turubai nyuma ya karakana, nikapiga marufuku mtu yeyote kuligusa. Kila Jumapili nilipangusa vumbi juu ya turubai na kujisifu. Miaka mitano nzima.

Juzi akapiga simu: jumba la makumbusho ya magari linalitaka, anarudi Ijumaa. Nikamwita fundi wa betri, mama mmoja asiye na maneno mengi, aje alikague.

"Mzee, lilichajiwa lini mara ya mwisho?"

"Lichajiwe la nini? Limekaa tu."

Akakunja uso. "Hili si kama yale yako. Mota yake inaweza kudumu hadi ituzike sote. Ila betri ikiachwa tupu miaka mitano, imekufa. Na mpya zake hazitengenezwi tena."

Presha ikanipanda. Huyu mdogo wangu nilimlea mwenyewe baada ya wazazi kufariki, na tangu awe mtu mzima hajaniomba kitu kingine chochote. Nitamtazama kwa jicho gani? Nikakaa juu ya tairi, mjuaji mzima.

Fundi akafunua gari, akachomeka kifaa chake. Akatazama, akatazama tena.

"Betri nzima kabisa. Mzee, mbona gari hili linatembea?"

"Linatembezwa na nani?"

"Na mimi," mke wangu akajibu kutoka mlangoni, mikono kiunoni. "Kila Jumatano ukienda kutafuta vipuri. Kitabu chake kinasema lisiachwe limelala, na lichajiwe. Wewe hata hukukifungua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza."

Ningemkataza, tena kwa kelele. Siku nyingine ningewaka moto. Siku hiyo nilishusha pumzi hadi machozi yakanitoka, nikamshukuru Mungu kwa kunipa mke asiyenisikiliza.

Ijumaa mdogo wangu alilizunguka gari mara mbili, akaliwasha, akanikumbatia. "Kaka, nilijua tu! Kwa mkono wako haliwezi kuharibika."

Nikafungua mdomo nipokee sifa. Mke wangu alikuwa ananitazama.

"Mshukuru shemeji yako," nikasema. "Ningeachiwa peke yangu, ungekuta bati."

Mdogo wangu akacheka, akamkabidhi ufunguo. Mke wangu akashika usukani, nasi ndugu wawili tukakaa pale alipotuambia tukae.