Panda Paa

Simu iliita saa kumi kasoro, mwalimu akiwa bado anasahihisha, na aliyepiga hata salamu hakutoa. Alikuwa mama wa Kimya, mshonaji wa mtaa wa nyuma ya shule. Alisema mtoto yuko juu ya paa na anadai ni kazi ya nyumbani. Mwalimu aliacha kalamu nyekundu bila kifuniko juu ya daftari la mtu, akatoka mbio, yeye ambaye kila siku huwaadhibu watoto kwa kukimbia koridoni.

Kazi hiyo ilikuwa yake, tena aliijivunia. Watoto wa darasa la kwanza walichoshwa na kusoma ukurasa uleule kila jioni mpaka wanaukariri macho yamefumbwa, na wazazi walitia sahihi bila kusikiliza hata neno. Basi akakaa na mkasi, akakata vipande vya karatasi. Vyeupe vilikuwa na majina ya vitu vya nyumbani: mlango, kitanda, shuka, paa. Mtoto asome, kisha abandike kipande au anyooshe kidole. Siku iliyofuata akatoa vya njano, vya vitendo: cheka, imba, ruka, panda. Hicho cha mwisho kilikwenda na maharage mawili ya kupanda kwenye kopo. Na ili dada na kaka wasiwanong'oneze wadogo zao majibu, aliwapa sharti moja: usifanye unachoambiwa, fanya unachosoma. Mwalimu mkuu alimwonya kwamba mchezo huo utamtokea puani. Yeye akacheka tu.

Kimya alipewa jina hilo darasani kwa sababu tangu shule ifunguliwe hakuwahi kusoma neno kwa sauti. Herufi alizijua zote, moja moja. Kuziunganisha ndiko kulikomshinda, na mamake alikwisha kuja shuleni mara mbili kuuliza kama mtoto ana kasoro.

Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa moja, na ubavuni ilikuwa na ngazi ya chuma ya kwendea tangi la maji. Mtoto alisimama karibu na ukingo wa mabati, sare ikipepea. Mkono mmoja ulishika karatasi ya njano, mwingine nyeupe. Chini palikuwa na saruji tupu. Mwalimu alipoona rangi zile mbili pamoja alielewa papo hapo. Panda. Paa. Vipande vya siku mbili tofauti, na mtoto alikuwa ameviunganisha.

Majirani walikuwa wameshajaa, kila mmoja na ushauri wake. Fundi bomba wa chumba cha pili alijaribu kupanda ngazi, lakini mabati yalilia, mtoto akarudi nyuma hatua mbili kuelekea ukingoni. Wanawake wawili walikwishatandua shuka kitandani na kuikunjua chini yake, ingawa waliishika legelege kiasi kwamba isingedaka hata mto.

"Mwalimu, nimemwita mpaka koo limekauka," mama alisema. "Anatikisa kichwa tu. Mwambie wewe."

"Hatanisikia, mama. Nimewakataza wasifuate cha kuambiwa. Nipe chaki yako na kitambaa cheusi."

Mama akamletea kipande cha kitambaa cha suruali na chaki ya kupimia. Mwalimu akaandika kwa herufi kubwa, SHUKA, akainua juu kwa mikono miwili. Kimya akainama kusoma. Midomo yake ilisogea, ikasimama, ikasogea tena. Kisha uso ukamng'aa. Hakuitazama ngazi. Alitazama shuka waliyoishika wale wanawake, kitu alichokisoma na kukibandikia karatasi juzi kitandani kwake, akasogea mpaka vidole vya miguu vikatokeza nje ya bati. Akakunja magoti.

Mwalimu alishusha kitambaa, akafuta kwa kiganja na kwa mkono wa gauni, huku akitafuta kichwani neno lenye maana moja tu. Kaa? Hapana, kaa lina maana tatu. Lugha aliyoifundisha miaka kumi na minane ilimgeukia pale pale, kila neno likawa na mtego. Hatimaye akaandika KETI. Chaki ilikatika kwenye I, akaimalizia kwa kipande kilichobaki.

"Ke," Kimya alisema. Mguu mmoja ulikuwa hewani. "Ke... ti."

Akaketi.

Fundi bomba alivua viatu, akapanda polepole kwa upande wa tangi, akamshika kiunoni. Aliposhuka naye, mama alimpokea akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Mwalimu alikuwa amekaa chini kwenye saruji, chaki imemjaa usoni. Kimya alijichomoa mikononi mwa mamake, akamfuata na vile vipande viwili.

"Nimesoma sawa?" aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza mwalimu kuisikia sauti yake ikiuliza kitu.

"Umesoma sawa kabisa," mwalimu alisema, akaanza kulia. Alilia kwa hofu na kwa fahari, na aibu nayo ikiwemo, asijue ipi imetangulia.

Mama alivichukua vile vipande. Alivigeuza, akavisoma kimoja kimoja, kisha akavishika pamoja. Hakuwa na hasira. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu.

"Mwalimu, karatasi hizi umempa huyu peke yake?"

Waliopewa walikuwa watoto arobaini na mmoja. Mwalimu aliinua macho, akaanza kutazama mapaa ya mtaa, moja baada ya jingine.